Fomu inasema tumeridhika, mbona malalamiko yanapanda?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni msimamizi wa timu ya watu 9, tunapokea simu za wateja kutwa nzima. HR walileta ile fomu ya kuridhika kazini, tukajaza, wastani ukatoka 3.7 kati ya 5, bosi akafurahi. Wiki hii kaja na grafu nyingine, malalamiko ya wateja yamepanda, akanigeukia kikaoni mbele ya watu akasema "timu yako imeridhika mpaka imelala". Sasa anataka kila simu iishe ndani ya dakika 4, atakayezidi anakatwa maksi kwenye tathmini, na mimi mwenyewe nipimwe kwa ile fomu, yani mwakani isipofika 4 nimefeli. Nimebanwa juu na chini, nianzie wapi?
Kaka wa simu

JIBU: Pole sana kaka, na hiyo ya kusemwa mbele ya watu ndo imeniuma zaidi. Bosi wako kachukua vipimo viwili akavifanya kimoja. Kuridhika ni mtu anavyojisikia kuhusu kazi yake, utendaji ni kile anachokitoa, na hivi viwili ni ndugu ila sio mapacha. Mwaka 2001 Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti za miaka mingi zenye watu zaidi ya 54,000, wakakuta uhusiano wa kama 0.30 hivi, ambapo 0 maana yake havihusiani kabisa na 1 vinakwenda sawa kama kivuli na mtu. Kwahiyo uhusiano upo, ila huwezi kumuona mtu kajaza 5 ukaapa kwamba kazi yake ni safi. Tena zingatia, ni uhusiano wa kupanda pamoja, hiyo hadithi ya watu kuridhika mpaka wakalala bosi kaitoa kichwani kwake.

Halafu hiyo 3.7 yenyewe. Chukua kalamu. Watu sita wakijaza 4 na watatu wakijaza 3, jumla 33, gawa kwa 9 unapata 3.7. Sasa watano wakijaza 5 na wanne wakijaza 2, jumla ni 33 hiyo hiyo! Timu ya kwanza iko poa tu, ya pili nusu yake karibu inaandika barua za kuacha kazi, na kwenye ripoti zote zinasomeka sawa. Waombe HR wakupe mgawanyo, wangapi walijaza ngapi, majina usiyaulize hata kwa utani. Na ikiwa fomu iliuliza idara, jinsia na miaka kazini, jua kwamba kwenye timu ya watu 9 hakuna siri hapo, kama dada mwenye miaka sita kazini ni mmoja tu basi umeshamjua, na yeye anajua kwamba umemjua, kwahiyo kajaza 4 kila mahali akaendelea na simu zake. Ofisi nyingi hazitoi kabisa majibu ya kikundi cha chini ya watu 5, sababu ndo hiyo.

Angalia pia fomu iliuliza nini. Frederick Herzberg na wenzake walihoji wahandisi na wahasibu kama 200 hivi, wakatoa matokeo mwaka 1959: yanayomkera mtu ni mshahara, sheria za ofisi, usimamizi mbovu, ila yanayomsukuma afanye vizuri ni kazi yenyewe, kutambuliwa, kupewa jukumu. Wapo waliompinga, sawa, lakini fomu ikiuliza viti na likizo tu, hiyo 3.7 inakwambia watu hawajakereka sana, basi.

Sasa hizo dakika 4, hapo ndo naomba upigane. Mi nimewahi kukaa kwenye simu, tulikuwa na tageti ya namna hiyo hiyo. Ikifika dakika ya tatu na nusu humsikilizi tena mteja, unaangalia saa iliyo kwenye kona ya skrini, inageuka njano, mama wa watu bado anaeleza tatizo lake toka mwanzo, unamwambia "haloo, haloo, mama sikupati", unakata mwenyewe. Akipiga tena inahesabika simu mpya. Grafu yangu ilikuwa nzuri kuliko ya wote na nilipewa cheti, bado ninacho. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, aliligusa hili tangu 1975, ukishakifanya kipimo kuwa fimbo ya kuwaendeshea watu hakipimi tena kile ulichotaka. Na gharama yake sio ndogo, 2016 benki ya Wells Fargo huko Marekani ilipigwa faini ya dola milioni 185, wafanyakazi walikuwa wanafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, wakikimbiza tageti za mauzo.

Kwahiyo muone bosi mkiwa wawili, usiende kulalamika, nenda na karatasi moja. Muda wa simu ubaki, lakini pembeni yake muweke wateja wangapi walipiga tena kwa tatizo lile lile ndani ya siku 7. Sikiliza simu kama 20 za wale waliolalamika kabla hujaenda, nahisi utakuta wengi wanalalamikia kitu kimoja ambacho timu yako haina ruhusa ya kukitatua. Na kuhusu wewe kupimwa kwa fomu, mwambie wazi, ukinipima hivyo nitazunguka mezani kuomba watu wanijazie 5, nipime kwa nilichokifanya baada ya kusoma majibu yao.

SWALI: Dada, nimepewa tathmini ambayo sikubaliani nayo na naambiwa nisaini leo leo. Nisaini?

JIBU: Soma maneno yaliyo juu ya mstari wa sahihi. Mara nyingi yanasema umeipokea, hayasemi umekubali. Kama ndivyo saini, ila kwenye sehemu ya maoni andika pointi gani unapinga na kwa ushahidi gani, weka tarehe, piga picha. Kama imeandikwa "nakubali", omba siku mbili, na uombe kwa barua pepe.