Kobe wetu analala banda la kuku: tumjengee nyumba gani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Tulipohamia nyumba yetu hapa Utawala mwezi wa Machi tulimkuta kobe uani. Mwenye nyumba aliyetangulia alituachia pamoja na karatasi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ni yule wa madoadoa, ukubwa wake kama sahani ya pilau. Analala kwenye banda la kuku la zamani lenye sakafu ya simiti. Watoto humpa sukuma wiki, ndizi, mkate na chakula cha kuku, ambacho anakipenda kupita vyote. Tangu Julai ianze hatoki bandani, na juzi nimeona povu puani. Gamba lake pia lina nundu nundu. Fundi anataka kumtengenezea nyumba ya mabati na kumfungia taa. Tujenge vipi, na ninunue taa gani? – Msomaji, Utawala

JIBU: Mama, fundi asubiri kidogo. Tuanze na hilo povu.

Kobe hawezi kukohoa, kwa sababu hana ule msuli chini ya mapafu unaotusaidia sisi kusukuma makohozi nje. Kamasi ikishashuka inakaa huko huko, na mafua ambayo mbwa angeyamaliza kwa kupiga chafya yanageuka nimonia. Mpeleke wiki hii kwa daktari wa mifugo aliyezoea wanyama watambaao. Ukikosa wa karibu, anzia kuulizia Upper Kabete, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya hapo mwingize ndani ya nyumba, kwenye katoni kubwa yenye nyasi kavu, na joto lisishuke chini ya nyuzi 25 mchana wala usiku. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha wenyewe. Akiwa baridi hata sindano atakayodungwa haitafanya kazi yake vizuri.

Nakuomba pia usipitie agroveti. Dawa ya minyoo na kupe inayoitwa ivermectin, ambayo wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wanaijua vizuri, humuua kobe. Nimewahi kuletewa mmoja aliyedungwa na jirani mwenye nia njema. Miguu yote minne ilikuwa imelegea, shingo inaning'inia, na hatukufaulu kumwokoa. Minyoo ya kobe ina dawa zake nyingine, na hupimwa kwa uzito wake.

Sasa nyumba. Karibu kila anayeniuliza habari za kobe huanza na taa. Huyu wako ni mwenyeji wa nchi hii, na jamaa zake wameenea kwenye nyika kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Halali usingizi wa miezi kama kobe wa Ulaya, kwa hiyo kule kujifungia kwake bandani ni baridi na ugonjwa, wala usidhani anapumzika. Usiku wa Julai Nairobi unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Kobe mzima mwenye afya huweza kuvumilia hayo akiwa mkavu. Kinachommaliza ni baridi ikikutana na maji, na wewe uko Utawala, juu ya udongo mweusi unaoshika maji wiki nzima baada ya mvua. Juu yake kuna hiyo simiti. Tumbo lake linagusa sakafu usiku kucha, na simiti inanyonya kila joto alilookota mchana. Taa juu ya sakafu kama hiyo ni kuchoma stima bure.

Kwa hiyo fundi aanze chini. Achimbe futi moja, atoe udongo mweusi, ajaze kokoto kisha murramu iliyoshindiliwa. Juu yake asimamishe kijumba cha mbao kilichoinuliwa kama sentimita 15 kutoka ardhini, chenye sakafu ya mbao na mteremko mpana wa kupandia, usiteleze wala kuwa mkali. Ndani mita moja kwa sentimita 80 inamtosha. Kimo kisizidi nusu mita, maana chumba kirefu hupoteza joto juu ambako yeye hafiki. Tandika nyasi kavu za Rhodes, zile za beli, unene wa kiganja au zaidi, na uzibadilishe zikipata unyevu. Mlangoni ning'iniza pazia la gunia lililochanwa vipande. Paa liwe na bawaba, la sivyo utakuwa unasafisha kwa kupiga magoti.

Mabati si mabaya, lakini mabati matupu hutoa jasho alfajiri na kumdondoshea mgongoni. Fundi apigilie plaiwudi chini yake.

Mlango uangalie mashariki. Ninyi wa Nairobi mnajua Julai ilivyo: asubuhi nzima mawingu, jua likajitokeza saa saba au nane. Kwa hiyo simama uani siku mbili tatu, saa tatu asubuhi na saa nane mchana, utazame kivuli cha ghorofa ya jirani kinaangukia wapi. Kijumba kikae pale ambapo jua linafika nyakati zote mbili. Jua hilo halimpashi joto tu. Ndilo linalomwezesha kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haimfikii mfupani. Kumweka nyuma ya dirisha hakusaidii, kioo huzuia miale hiyo.

Kuhusu taa, kwa miezi ya baridi chukua kifaa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga. Ukikikosa, ile balbu nyekundu ya kulelea vifaranga itafaa. Ifungwe juu kwa mnyororo, si kwa waya wake wa stima, izungushiwe wavu wa waya, na iunganishwe na kidhibiti joto kinachoizima chenyewe. Lenga nyuzi 18 hivi usiku. Isikaribie mgongo wake wala nyasi. Nimeona magamba yaliyoungua, na kijumba cha mbao chenye nyasi kavu hakihitaji cheche mbili.

Ua wake uwe mkubwa kadiri ploti inavyoruhusu. Chini ya mita 3 kwa 4 ningeona ni kifungo, kwa sababu atakua hadi sentimita 30 au 40. Zungushia mawe ya Ndarugo ya inchi 9, kozi moja chini ya ardhi na mbili juu. Usitumie waya. Akiona ng'ambo atausukuma siku nzima mpaka pua ichubuke. Ng'oa olianda na lantana zilizo ndani ya ua, usinyunyize dawa ya magugu humo, na kila jioni tazama kama siafu wamepita. Siafu humla kobe angali hai, hana pa kukimbilia. Mbwa asiachwe naye peke yake hata kama wamezoeana. Gari likirudi nyuma, mtu ashuke aangalie kwanza. Kuku nao wakae kwao.

Chakula ndicho kitakachowaudhi watoto. Kobe huyu ni mla nyasi. Zile nyasi za kikuyu zilizo uani kwako ndizo ugali wake, ziwe karibu robo tatu ya anachokula. Ongeza majani ya mforosadi, majani na maua ya hibiskasi, na mpungate, ile kakati ya majani bapa, baada ya kuitoa miiba. Sukuma wiki si sumu, lakini ikiwa ya kila siku inavuruga tezi ya shingo. Mpe kidogo mara moja moja. Mchicha na spinachi hufunga kalsiamu, viwe vichache pia. Mkate, ndizi na chakula cha kuku viishe leo. Chakula cha kuku kina protini nyingi mno kwa mnyama aliyeumbwa kula majani makavu. Mwekee uani kipande cha mfupa wa ngisi, ule unaouzwa kwa ajili ya ndege, autafune mwenyewe kwa kalsiamu. Alishwe asubuhi. Akila jioni ya baridi, chakula kinalala tumboni bila kusagika.

Nundu za gamba hutokana zaidi na kukulia pakavu bila maji ya kutosha, na chakula kama hicho nacho huongezea. Zilizokwisha kutokea hazifutiki, ila sehemu mpya inaweza kuota ikiwa laini. Mweke kwenye karai la maji ya vuguvugu, yasipite kidevu chake, kwa dakika 20, mara mbili kwa wiki. Atakunywa, na mara nyingi atajisaidia humo humo. Kwa hiyo karai hilo lisirudi jikoni, na watoto wanawe kwa sabuni kila wakimshika, maana kobe hubeba salmonela bila kuonyesha dalili. Gamba lisipakwe rangi wala mafuta, wala lisitobolewe ili afungwe kamba. Ni mfupa hai, linauma.

Zile karatasi za KWS zina jina la mtu mwingine. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 kumfuga bila kibali ni kosa. Nenda makao makuu yao Barabara ya Lang'ata ukawaeleze ulivyompata, kabla hujamlipa fundi. Ukimchoka pia, warudishie wao. Usimwachilie mbugani mwenyewe, atawapelekea kobe wa huko magonjwa ya uani.

Akimaliza matibabu mtoe mchana tu, jua likiwaka, na usiku aendelee kulala ndani hadi Septemba. Mpime kwa mizani ya jikoni kila Jumapili uandike uzito wake. Akishuka wiki mbili mfululizo, mrudishe kwa daktari hata kama pua ni kavu.