Gari la haibridi likilala miezi minne: ni betri ipi inayoisha kwanza?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na nina Toyota Aqua ya mwaka 2014, gari la haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme. Mwaka jana nilisafiri wiki saba, na niliporudi gari halikufunguka kwa rimoti. Nilipofungua kwa ufunguo wa chuma na kubonyeza kitufe cha kuwashia, taa za dashibodi zilipepesa tu kisha zikazima. Fundi mmoja aliniambia betri kubwa imekufa, lakini baadaye nilibadilishiwa betri ndogo na gari likawaka. Mwezi Mei naenda kwenye kozi ya miezi minne Morogoro. Mdogo wangu atabaki nyumbani, ila hana leseni, na nimeshauriwa awe analiwasha gari dakika tano kila asubuhi. Je, hiyo inatosha? Na likigoma tena, jirani yangu mwenye Fuso anaweza kunibustia?

JIBU: Ndugu msomaji, habari ni njema. Nakushauri usimwachie mdogo wako kazi hiyo ya dakika tano, kwa sababu haiondoi tatizo lako na inaleta jingine. Injini ya petroli ikiwashwa kwenye baridi ya alfajiri ya Uyole na kuzimwa kabla haijapata moto, unyevu hubaki ndani ya oili na kwenye bomba la moshi. Nayo betri ndogo, ambayo hupokea chaji polepole zaidi kadiri inavyokaribia kujaa, haipati muda wa kurudishiwa ilichopoteza. Saa moja kamili mara moja kwa wiki ina manufaa kuliko dakika tano za kila siku, na inaweza kufanyika bila gari kutoka uani.

Kwanza tuelewane kuhusu betri zenyewe. Betri kubwa ya Aqua yako, iliyo chini ya kiti cha nyuma, ni ya nikeli, ina moduli 20 na nguvu ya volti 144. Hiyo ndiyo inayoizungusha injini ya petroli mpaka iwake, kwa kuwa gari lako halina stata wala altaneta ya kawaida. Betri ndogo ya volti 12, iliyo upande wa kulia chini ya kiti hicho hicho, haizungushi chochote kizito; kazi yake ni kuziamsha kompyuta za gari na kuzivuta rilei (swichi za umeme) zinazoiunganisha betri kubwa na mfumo. Gari likizimwa, rilei hizo huachia, na betri kubwa hubaki imetengwa kabisa. Likiwashwa na neno READY likatokea kwenye dashibodi, betri kubwa huanza kuichaji ndogo kwa takriban volti 14. Kwa hiyo betri ndogo ikiisha, kubwa inaweza kuwa na chaji ya kutosha na bado isikusaidie lolote, kama tangi lililojaa maji huku koki imefungwa.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona watu wakilipishwa kwa kosa ambalo kipimo cha dakika moja kingelizuia. Hapa Iringa niliwahi kuletewa Aqua iliyokuwa imelala miezi miwili, na mwenye gari alikuwa tayari ameanza kutafuta shilingi milioni kadhaa za betri kubwa, kama alivyoelekezwa na gereji nyingine. Alipobonyeza kitufe, kila taa ya onyo iliwaka kwa mwanga hafifu na rilei zikasikika zikigonga tak-tak-tak chini ya boneti. Nikanyanyua kiti cha nyuma, nikaweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye betri ndogo: volti 7.9. Kompyuta zenye njaa kiasi hicho hutoa taarifa za uongo, na fundi asiyepima kwanza volti 12 huzisoma taarifa hizo kama ukweli. Tuliweka betri ndogo nzima, tukafuta makosa yaliyohifadhiwa, na READY ikaja palepale. Dalili ulizoeleza wewe zinafanana na hizo, na rimoti kutofungua mlango ilikuwa dalili nyingine, maana kufuli za milango hutumia betri ndogo, si kubwa.

Kwa nini inaisha wakati gari limezimwa? Kwa sababu gari la namna hii halilali kabisa. Saa, kumbukumbu za kompyuta, kengele ya wizi na kipokezi kinachousubiri ufunguo vyote vinanyonya umeme kidogo kidogo. Tuchukue mfano wa betri ya ampea-saa 36 na unyonyaji wa miliampea 30, ambao ni wa kawaida: kwa siku inapotea ampea-saa 0.72, na ndani ya siku 25 nusu ya betri imekwenda. Wiki saba ulizosafiri ni siku 49, kwa hiyo hesabu inakuangukia wewe barabara. Na kama gari lilifungwa kifaa cha kulifuatilia, kwa mfano kwa sababu ya mkopo, au kengele iliyoongezwa baada ya kununuliwa, muda huo hupungua zaidi. Muulize aliyekuuzia kama kimo, kwa sababu wengi hawajui kwamba wanacho.

Usiuache ufunguo ndani ya gari wala kwenye ukuta ulio jirani na mahali lilipoegeshwa. Gari huuhisi ukiwa karibu na haliachi kuamka.

Betri kubwa ina tabia tofauti. Haiibiwi na kifaa chochote, bali hupoteza chaji yenyewe kwa ndani, na joto huharakisha upotevu huo. Hapa nyanda za juu tuna bahati: jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai, inayotufanya tujifunike blanketi mbili, ni miezi mizuri kwa betri iliyolala. Gari hilo hilo likiachwa Dar es Salaam kwa muda uleule litapoteza zaidi. Hata hivyo, Toyota wenyewe katika vitabu vya magari yao ya haibridi wanaagiza gari liendeshwe angalau mara moja kila baada ya miezi michache, kwa dakika 30 au kilomita 16. Agizo hilo si la kupuuza, kwa sababu betri kubwa ikiisha kabisa hakuna cha kuizungusha injini, na chaja ya volti 12 haiwezi kuifikia. Hapo itabidi gari lipelekwe kwa mtaalamu mwenye vifaa vya volti kubwa.

Kwa hiyo, kwa safari yako, ningefanya hivi. Kila Jumamosi mdogo wako akae kwenye kiti cha dereva, gari likiwa kwenye P (gia ya kuegesha) na breki ya mkono imevutwa, akanyage breki hadi chini na abonyeze kitufe mara moja. Asiondoe mguu mpaka aone READY. Msisitizie hapo, maana akibonyeza bila kukanyaga breki, dashibodi na redio zitawaka lakini betri kubwa haitaunganishwa, na saa nzima atakayodhani anaichaji betri ndogo atakuwa anaimaliza. Mweleze pia kwamba gari likiwa READY linaweza kukaa kimya kabisa, kisha injini ikajiwasha, ikanguruma kwa muda na kujizima tena; hiyo ndiyo kazi yake, asibonyeze tena kwa kudhani limezimika. Taa kubwa, kipoza hewa na hita viwe vimezimwa. Gari liwe nje, au milango ya banda iwe wazi kabisa, kwa sababu moshi wa injini inayojiwasha bila taarifa huua ndani ya chumba kilichofungwa. Asiliache peke yake, na watoto wasiwemo ndani. Acha petroli isiyopungua nusu tangi: injini ikikosa mafuta, betri kubwa hubebeshwa mzigo wote na kuisha upesi.

Katikati ya kipindi, tuseme Julai mwanzoni, mwombe ndugu au rafiki mwenye leseni alitoe barabarani. Kutoka Uyole hadi katikati ya jiji na kurudi kunatosha, hata kama atakutana na foleni ya barabara kuu, ilimradi akiwa kwenye foleni abaki kwenye D (gia ya kwenda mbele) na asiweke N (gia huru). Kwenye N mfumo hauzalishi umeme, hata injini ikiwa inanguruma.

Ipo njia nyingine, ya kuchomoa waya wa hasi wa betri ndogo. Inafaa kama hapana mtu wa kuaminika nyumbani. Gari likishazimwa, subiri dakika chache kompyuta zitulie, legeza nati kwa spana namba 10, kisha uviringishe kichwa cha waya kwa kitambaa kikavu kisigusane na betri. Kwako ni rahisi, kwani milango hufunguka kwa ufunguo wa chuma. Mwenye Prius, haibridi nyingine ya Toyota, ambayo betri yake ndogo iko kwenye buti awe mwangalifu, maana mlango wa buti hufunguliwa kwa umeme; ukichomoa waya na kuufunga, utalazimika kupanda ndani kupitia kiti cha nyuma ili uufungue. Kabla ya kuchomoa, hakikisha unafahamu tabia ya redio yako. Redio nyingi zenye ramani zilizokuja na magari kutoka Japani hujifunga umeme ukikatika na kudai namba ya siri, na nimeona watu wakikaa miezi bila redio kwa sababu hiyo. Pia kumbuka kwamba kuchomoa waya kunailinda betri ndogo tu. Ile safari ya Julai bado inahitajika, na waya utabidi urudishwe kwa ajili yake.

Ukipenda chaja ya umeme wa nyumbani, tafuta ndogo, ya ampea 3 hadi 5, inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, na iwe na chaguo linaloendana na aina ya betri uliyowekewa. Usikubali betri hii ichomekwe kwenye chaja kubwa za gereji zinazochemsha betri za malori. Paneli ndogo ya sola nayo inafaa, ikiwa na kidhibiti chaji na ikiunganishwa kwenye betri yenyewe, kwa kuwa tundu la kuchajia simu la Aqua hukatika gari likizimwa. Kwa kuwa betri iko ndani ya kabini, kagua kama ile uliyobadilishiwa imeunganishwa na kile kibomba chembamba cha kutolea gesi nje. Betri ya kawaida ya maji isiyo na kibomba haifai kukaa chini ya abiria.

Kuhusu Fuso, mshukuru jirani yako na umkatalie. Malori ya aina hiyo kwa kawaida hutumia volti 24, na volti hizo zikiingia kwenye mfumo wa volti 12 zinaweza kuunguza kompyuta ndani ya sekunde. Bustisha kwa gari dogo la volti 12, na umakini wako wote uwe kwenye chanya na hasi, kwa sababu kuzigeuza kunaweza kukuharibia vifaa vinavyozidi mara nyingi bei ya betri. Wala wewe usilitumie gari lako kubustia lori au trekta.

Kabla hujaondoka Mei, pima betri ndogo asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 au zaidi ni nzuri, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Kisha pima gari likiwa READY. Usomaji wa karibu na 14 unaonyesha kwamba betri kubwa inaichaji ndogo ipasavyo. Ukirudi Septemba rudia kipimo cha asubuhi kabla ya kubonyeza kitufe. Ukikuta chini ya 12, ichaji taratibu hadi ijae, iache ipumzike usiku mmoja na uipime tena, na ikiwa imeshuka yenyewe chini ya 12.4, ibadilishe kabla hujaitegemea kwa safari yoyote ndefu.