Koti la kike halianzii kwenye koti la kiume

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nasomea ushonaji. Kwa kazi yangu ya mwisho naandaa mavazi sita, suti tupu, yanayozungumzia haki za wanawake. Nimechukua patani ya koti la kiume nikaipunguza ubavuni, lakini koti likifungwa linavuta kifuani. Pia, kanga inafaa kuwa bitana?

JIBU: Kosa ni hiyo patani, dada. Ukipunguza ubavuni unaondoa upana palepale kifua kinapouhitaji, ndiyo maana mikunjo inachora X kuzunguka kifungo. Anza na kipimo cha kifua cha mvaaji, ongeza sentimita 8 hadi 10 za nafasi, kisha utengeneze umbo kwa dati, yaani mkunjo ulioshonwa ukienda ukipungua, inayoelekea kwenye ncha ya titi na kukomea sentimita 2 kabla yake. Ukiifikisha hadi nchani, kitambaa kinachongoka.

Kata kwanza koti la majaribio kwa marekani. Mvalishe mtu, mwambie anyooshe mkono kama anayeshika bomba la daladala. Koti zima likipanda naye, kwapa limekatwa chini mno. Rudi kwenye patani, lipandishe sentimita 1 hadi 1.5, uchore upya na mkono wa koti ulingane nalo. Wengi hulishusha zaidi wakidhani wanaongeza nafasi. Koti ndiyo linazidi kupanda.

Mbunifu wa mavazi wa Ufaransa Yves Saint Laurent alipotoa Le Smoking, suti yake ya wanawake, mwaka 1966, wazo alilitoa kwenye tuksedo ya wanaume, lakini alilikata kwa mwili wa mwanamke. Hoja yako nayo ikae kwenye mkato. Maandishi makubwa kifuani tumeshayachoka.

Ikae na mifukoni. Mdomo sentimita 16, kina kinachomeza kiganja kizima. Nyuma ya mdomo bandika kwa pasi ukanda wa kitambaa cha gundi, sentimita 4, la sivyo pembe zitachanika. Mfuko wenyewe ushone kwa pamba nzito; bitana laini hutobolewa na funguo.

Kanga inafaa, na ina haki yake hapo: Zanzibar, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakavaa kanga. Ifue kabla ya kukata, mpaka maji yatoke safi, maana hurudi na kuchuja rangi. Doti moja inatosha koti fupi. Mikononi tumia bitana ya kuteleza. Pamba hung'ang'ania nguo ya ndani.

Jina la kanga likae mgongoni, chini kidogo ya kola, lionekane koti likitundikwa. Pima urefu wake kabla hujachagua kanga: mgongo wa sentimita 40 haubebi methali ndefu. Halafu, lile rinda la nafasi ambalo kwa kawaida huwekwa katikati ya bitana litameza herufi. Ligawe mawili, sentimita 1 kila moja, uyapeleke pembeni.