Kwa nini utando wenye nyuzinano za mkonge huchanika upesi

Ndugu uliyeuliza kwa nini utando wako wa PVA (plastiki inayoyeyuka katika maji) ulioongezewa nyuzinano za mkonge, yaani nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho, unachanika upesi kuliko ule usioongezewa kitu, naomba nami nikuulize: je, ulizikausha nyuzi hizo kabla ya kuzichanganya? Mimi nilipoteza takriban miezi miwili kwa kosa hilo, tena kwa nia njema, kwani nilitaka kuzipima uzito kwa usahihi.

Singa za mkonge nilizichemsha katika kostiki (magadi makali) ya asilimia 5 ili kuondoa hemiselulosi na sehemu ya lignini, ambazo ni kama gundi inayoshikanisha nyuzi za mmea, nikazipausha kwa kloriti ya sodiamu (gesi yake ni sumu, usifanye kazi hiyo katika chumba kilichofungwa), kisha nikazisaga hadi nikapata ute mzito kama uji, ambao karibu wote ni maji. Ute huo nikautia ndani ya oveni, na kesho yake nikakuta kigamba kigumu kama ukucha. Nilikisaga kwa blenda, nikakiloweka na kukikoroga siku nzima, lakini utando ukatoka na madoa meupe, na kila nilipouvuta ulianza kuchanika penye doa.

Maji yanapoondoka, nyuzi zilizotenganishwa nayo hukaribiana na kushikana kwa vifungo vya haidrojeni, na ukiyarudisha si vifungo vyote vinavyofunguka; ni kama ukoko wa ugali, ambao ukiulowesha hulainika lakini haurudi kuwa unga. Badala ya nyuzi nyembamba zinazobeba mzigo pamoja na polima (yaani ile PVA), unabaki na mabonge, na pembezoni mwa bonge ndipo mkazo unapojikusanya.

Kwa hiyo kausha sampuli ndogo tu. Gramu 10 za ute zikibakiza gramu 0.2, ute wako una asilimia 2 ya nyuzi. Basi kwa gramu 10 za PVA ukitaka nyuzi gramu 0.3, tia gramu 15 za ute ungali mbichi. PVA iyeyushe kwanza peke yake katika maji ya nyuzijoto 90 hivi, ndipo uongeze ute, ukikoroga taratibu usije ukaingiza mapovu. Usizidishe nyuzi: mimi nilipopita asilimia 5 mabonge yalirudi.

Utando ukiwa mgumu zaidi na kupungua kunyumbuka, hiyo si kasoro, ndivyo nyuzi zinavyofanya. Na ukihamia polima isiyoyeyuka katika maji, kama polisulfoni, maji ya ute yabadilishe hatua kwa hatua kwa asetoni, kisha kwa kiyeyushi cha polima hiyo, bila kuuacha ukauke hata mara moja.