Usiilipie saksafoni hiyo kabla hujasikia sauti yake ya chini kabisa

Ndugu, zuia kwanza mkono wako. Umeuliza kama kijana anayeanza jazi hapa Tabora achague saksafoni, tarumbeta, besi ya kusimama au ngoma, kisha mwishoni ukataja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa kesho unalipa laki sita kwa alto, yaani saksafoni ya ukubwa wa kati, iliyotumika kwa sababu inang'aa na mwenye nayo ameipuliza mbele yako. Nami nilipuliziwa hivyo hivyo.

Aliyeniuzia alipuliza sauti tatu tu za ngazi ya do-re-mi, yaani "si", "la" na "sol", ambazo hubonyezwa kwa vidole vya mkono wa kushoto peke yake, nazo zikatoka laini, nikalipa. Nyumbani, nilipojaribu kushuka, re ilikwaruza na do ikagoma kabisa. Katika saksafoni, kadiri sauti inavyoshuka ndivyo matundu mengi zaidi yanavyotakiwa kuzibwa, na kila kifuniko huziba kwa pedi ya ngozi. Pedi moja ya juu ikikauka au kupasuka, hewa huvuja na sauti za chini yake zote huharibika. Pedi zangu zilizokufa zilikuwa 11. Niliipakia kwenye treni hadi Dar es Salaam kwa fundi, na matengenezo yakakaribia bei niliyonunulia. Yule bwana alijua, maana mtu hachagui sauti tatu zilizo salama kwa bahati, na hadi leo inaniuma kwamba aliniita mdogo wake huku akihesabu fedha zangu.

Mng'ao usikuhadae, kwa sababu shaba husuguliwa kwa kitambaa ikang'aa wakati pedi zimeoza ndani. Tangu mbunifu wake, Adolphe Sax, alipoipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1846, chombo hiki hutegemea kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni na matundu yanayozibika barabara. Tarumbeta, yenye pistoni 3 tu, haina mitego mingi kiasi hicho.

Kwa hiyo kesho usiende na fedha, nenda na taa ndogo. Iingize ndani ya bomba mkiwa chumba chenye giza, funga vifuniko polepole, na popote mwanga unapochungulia pembeni mwa pedi, hapo panavuja. Kisha mwambie ashuke hadi sauti ya "si bemoli", ya chini kabisa, kwa pumzi ya taratibu, bila kulazimisha. Akianza kutoa visingizio kwamba mwanzi ni mkavu, ondoka. Mji uliozaa bendi za Tabora Jazz na Kiko Kids unastahili kijana mwenye chombo kinachoitika, na taa yangu ninayo bado. Niambie saa ngapi, nitakusindikiza.