Wasomaji Wauliza: Lenzi za Zamani na Picha za Mandhari

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa makundi ya marafiki wanaoazimana lenzi za miaka ya 1960 hadi 1980, zile za kuzungusha fokasi kwa mkono. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Mimi na rafiki yangu tuna lenzi za 28mm za aina moja. Nikizungusha pete hadi mwisho, kwenye alama ya ∞ (mbali kabisa), milima ya mbali haitoki kali. Yake inatoka vizuri. Je, lenzi yangu ni mbovu?

JIBU: Anza kuishuku adapta, yaani kiunganishi cha lenzi ya zamani na kamera, kabla ya lenzi. Adapta nyingi hutengenezwa zikiwa nyembamba kidogo kuliko kipimo halisi, na mara nyingi ni kwa makusudi, ili kila lenzi iweze kufikia vitu vya mbali. Kwa hiyo pete hupitiliza: ukiifikisha mwisho, fokasi imeshaivuka milima. Upungufu wa milimita 0.1 tu kwenye lenzi ya 28mm unatosha kuifanya milima iwe kali pale pete inaposomeka karibu mita 8. Kwenye 135mm, upungufu huohuo unasomeka karibu mita 180, kwa hiyo ni vigumu kuutambua. Ndiyo sababu lenzi fupi, zenye mm chache, hulalamikiwa wakati lenzi ndefu zinasifiwa, adapta ikiwa ni ileile.

Ili kupata mahali sahihi, toka asubuhi kabla joto halijaanza kutetemesha hewa. Weka kamera kwenye tripodi, uchague kitu chenye kingo kali kilicho kilomita moja au zaidi, kama mnara au ukingo wa paa. Fungua tundu la lenzi lote, kwa sababu ukilifunga kosa dogo linafichika. Kuza picha kwenye skrini ya kamera mara 10. Zungusha pete polepole hadi uipite nukta ya ukali, kisha urudi. Rudia mara tatu. Pete ikisimama palepale kila mara, bandika utepe mwembamba mweupe na uchore mstari. Mwisho funga hadi f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na ukague tena, kwani kuna lenzi ambazo fokasi yake husogea kidogo tundu linapofungwa.

Mstari huo ni wa lenzi hiyo na adapta hiyo. Ukiazima adapta ya mwenzako, pima upya.

Adapta iliyo nene kuliko kipimo ndiyo ya kuogopa. Ikizidi kwa milimita 0.1, lenzi ya 28mm haitaweka fokasi kwenye kitu chochote kilicho zaidi ya mita 8 hivi. Hiyo irudishe ulikoinunua.

SWALI: Tuko watano na kamera zetu ni za kampuni tofauti. Tununue lenzi za mfumo gani ili kila mmoja aweze kuzitumia?

JIBU: M42, ile ya kufunga kwa skrubu ya milimita 42. Kinachoamua hapa ni umbali kati ya mdomo wa kamera na sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea picha. Lenzi ya M42 inahitaji milimita 45.46. Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina umbali mdogo sana: Nikon Z 16, Fujifilm X 17.7, Sony E 18, Canon RF 20. Nafasi inayobaki inajazwa na adapta, ambayo ni bomba tupu lisilo na kioo chochote.

Mwenye kamera ya zamani ya Canon EF, yenye milimita 44, naye anaingia, ingawa kwenye zile zenye sensa kubwa kioo cha ndani kinaweza kugonga kitako cha baadhi ya lenzi. Ajaribu polepole, pete ikiwa kwenye ∞. Mwenye Nikon F ana milimita 46.5, yaani zaidi ya zinazohitajika. Ataishia kupiga vitu vya karibu tu, au atumie adapta yenye kioo cha kusahihisha, na hicho hupunguza ubora. Kwake afadhali lenzi za Nikon za zama hizohizo.

Kila mmoja anunue adapta moja ya kamera yake, lenzi ziwe za wote. Helios 44-2 ya 58mm na Super-Takumar ya 55mm f/1.8 ni mwanzo mzuri, kisha ongezeni 28mm moja na 135mm moja. Kwa mandhari, 135mm f/3.5 inatosha kabisa. Ile ya f/2.8 inaongeza uzito mfukoni kwa tundu ambalo mtalifunga tu hadi f/8.

Jambo moja husahaulika. Lenzi nyingi za M42 zina pini nyuma, na baadhi hazina swichi ya A/M (ya kuchagua tundu lijifunge lenyewe au kwa mkono). Kwa hizo, adapta isipokuwa na ukingo wa kuibonyeza pini, tundu linabaki wazi hata ukizungusha namba zote.

SWALI: Kamera inakataa kupiga nikifunga lenzi ya zamani.

JIBU: Ingia kwenye menyu, uruhusu kupiga bila lenzi. Weka modi ya A: wewe unafunga tundu kwa mkono, kamera inachagua kasi. Kama ina kitulizi cha mtikisiko ndani, iandikie urefu halisi wa lenzi, yaani zile mm zilizoandikwa juu yake. Ya 135mm iandikwe 135 hata kama sensa ni ndogo.

SWALI: Nataka jiwe la mbele na kilima cha nyuma vyote viwe vikali. Mistari ya namba iliyo kwenye lenzi inaaminika?

JIBU: Inaaminika kwa masharti. Kwanza, ∞ iwe mahali pake. Kama adapta inapitiliza, mistari yote inadanganya. Pili, mistari ile ilichorwa kwa ajili ya filamu na picha za ukubwa wa wastani. Kwa kipimo hicho, 28mm kwenye f/11 ikiwekwa mita 2.4 inapata ukali kuanzia mita 1.2 hadi mbali kabisa. Ukija kukuza picha kwenye kompyuta utaona kilima kimelegea. Kwa sensa ya leo piga kwa f/11 lakini soma mistari ya f/5.6: weka pete kwenye mita 4.8, na ukali uanzie mita 2.4. Jiwe likiwa karibu zaidi ya hapo, piga picha mbili na uziunganishe baadaye. Kufunga hadi f/22 hakusaidii, kwa sababu mwanga unaopenya tundu dogo hutawanyika na picha nzima inalegea.

Tahadhari pia na rangi zinazowaka kingoni kuonyesha palipo na fokasi. Ukiwa f/11 na lenzi pana, karibu kila kitu kitawaka. Weka fokasi tundu likiwa wazi, kisha ufunge. Helios 44-2 imeundwa kwa kazi hiyo: pete moja inaweka kikomo, ya pili inafungua na kufunga bila mlio, macho yakiwa bado kwenye kamera.

SWALI: Picha zangu za machweo zimefifia kama zimepakwa maziwa, na lenzi ya mwenzangu ina unjano.

JIBU: Ni mambo mawili tofauti. Kufifia kunatokana na utando hafifu wa lenzi za zamani, ambao hauzuii vizuri mwanga kuakisiwa ndani. Vua kichujio cha UV, ivishe lenzi kofia yake ya kukinga jua, na rafiki mmoja asimame pembeni akikinga jua kwa mkono au gazeti. Hapo ndipo kundi lina faida. Kama picha imefifia hata jua likiwa mgongoni, pitisha tochi nyuma ya lenzi: utaona ukungu au fangasi ndani.

Unjano ni dalili ya kioo chenye thoriamu (elementi yenye mionzi), kama kwenye Super-Takumar nyingi za 50mm f/1.4. Kwa picha za RAW (ambazo kamera haijazichakata), sahihisha rangi kwenye programu. Ukitaka kuutoa, mwanga wa UV kwa siku kadhaa hadi wiki chache huupunguza. Taa ya LED ya UV ni salama kuliko jua la dirishani, kwani lenzi ikikusanya jua inaweza kuwasha moto, na joto hutiririsha grisi hadi kwenye vipande vya tundu. Kuitumia kupiga picha hakuna shida. Kuifungua na kusugua kioo chake, usithubutu.

SWALI: Fangasi inaweza kuhama kutoka lenzi moja hadi nyingine?

JIBU: Mbegu zake tayari ziko hewani kila mahali. Kinachoziotesha ni unyevu na giza. Lenzi yenye fangasi mbichi ikae peke yake hadi isafishwe, lakini kuifunga kwenye kamera kwa mchana mmoja si hatari ya kuvunja urafiki. Nyingine zitunzeni kwenye kisanduku kisichopitisha hewa, pamoja na silika (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, kikisoma kati ya asilimia 40 na 50. Mkoba wa ngozi uliokuja na lenzi unanyonya unyevu. Uwe wa maonyesho tu.