Mikwaruzo kwenye swichi ya gari na kwenye rimoti

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini plastiki nyeusi chini ya tundu la ufunguo imejaa mikwaruzo ya nusu duara, na rimoti nayo imechubuka.

Kabla ya kununua chochote, angalia kinachoning'inia. Nusu duara hiyo inachorwa na pete ya chuma na funguo za kufuli, zinazopiga palepale kila gari likiruka tuta. Acha ufunguo wa gari na rimoti tu kwenye pete. Za nyumbani zikae kando. Uzito wa funguo nyingi pia huchakaza silinda ya swichi (sehemu ya ndani ufunguo unapozungushwa), na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko mikwaruzo. Pete ya chuma ibadilishe kwa kamba fupi ya ngozi au kitambaa.

Halafu bandika filamu angavu ya kulinda rangi ya gari. Futa plastiki kwa spiriti kidogo (jaribu kwanza sehemu iliyojificha), kwa sababu ikibaki polishi ya dashibodi filamu haishiki, kona zitainuka. Kata mviringo, acha milimita 2 kutoka kwenye tundu, pasha kwa draya ya nywele, kandamiza toka katikati kwenda nje.

Mikwaruzo iliyopo usiipige msasa. Plastiki yenye uso wa vipele vidogo ikisuguliwa inang'aa na doa linaonekana zaidi.

Rimoti ivishe kava la silikoni, si la chuma, maana chuma hudhoofisha mawimbi. Livue kila baada ya wiki 2 ufute mchanga. Ukibaki ndani unasugua kama msasa.